Kibao cha mutoto hakikuiba mechi ya mutu

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Majengo, hapa Goma. Gazeti lenu nalisoma siku mingi, nikipata franga nalinunua, nikikosa nalisoma ku jirani, lakini kuandika sijaandikaka hata mara moja. Leo naandika juu ya ile barua mulitoa ya ndugu musomaji aliyesema mutoto asiyeweza kushika manete (kile kifaa cha mukono cha kuchezea) sawa na wenzake basi michezo ya video haiko yake, atafute kitu ingine cha kufanya, na kwamba wale walioandaa turnua (mashindano) ya mpira wa PlayStation walifanya vizuri kumuondoa mu listi. Yule mutoto namujua. Ni mutoto wa dada yangu, na ile kibao cha mbao cha kushikilia manete walimukatalia ni mimi nilimutengenezeshea.

Sitamutukana ule ndugu. Vile aliandika inaonekana ni mutu anapenda michezo kweli, na kuko mambo alisema hata mimi nakubaliana nayo, nitafika pale. Lakini alifunga pamoja vitu viwili vyenye haviko kimoja, ugumu ambao mutu aliutengeneza akiwa na akili yake na ugumu wenye ulikuja tu juu hakuna mutu alifikiri kwamba kuko mikono ya namna ingine, na kisha akavipiga vyote na fimbo moja.

Nianze na vile ilipita. Niko na sale ya play, nyumba ya kucheza michezo ya video kwa kulipa, tangu 2013, nilianza na PS3 mbili mu nyumba ya mabao, leo niko na PS4 ine. Huyu mutoto iko na miaka 14. Mukono wake wa kushoto vidole vimejikunja tangu alizaliwa, anaweza kusukuma kitu na ngumi ama na kiwiko lakini kufinya buton na kidole kimoja kimoja hapana, hawezi. Wa kulia uko muzima, una mbio. Miaka miwili mizima alikuwa anakuja ku sale akitoka masomo, anakaa ku benchi la nyuma, anaangalia. Anajua wachezaji wote, anajua nani mu Majengo anapenda kukimbilia pembeni na nani anapiga za mbali, alikuwa anaonya wenzake mbele ya mechi eti huyu atakupiga na kona, na inakuwa hivyo. Hakuna mutu alikuwa anamupa manete. Hata mimi mujomba yake.

Siku moja akaleta franga 500 zake. Munajua sheria ya sale zetu, anayepigwa anatoka na ni yeye njo analipa. Akapigwa 7 kwa 0, manete inamuteleza, ilianguka chini mara mbili, wenzake wanapiga kelele afanye haraka. Mechi ikaisha, akaweka ile 500 mu mukono yangu, akaenda, na mimi nikaichukua. Ile franga inanikaa mu roho paka leo, juu nilimulipisha mechi ambayo hakucheza, kwa dakika zote zile alikuwa anapigana na plastiki, na ule mwenye alimupiga wala hakujua kama kuko mutu mbele yake.

Usiku ule njo nilianza kutafuta. Ndani ya PS4 yenyewe, ukiingia mu parametre (mipangilio), kuko sehemu inaitwa aksesibilite, ya kusaidia watu wenye ulemavu. Nilikuwa na hizi mashine miaka na miaka na sijaifunguaka. Mule unaweza kubadilisha kazi ya buton, hii ichukue kazi ya ile, na ukishabadilisha inabadilika mu michezo yote, haichague mchezo gani. Mule mule kuko kukuza maandishi, kuko kukoleza rangi, kuko kuvuta picha karibu. Wenye sale wenzangu, fungueni ile sehemu leo hii, hailipwe na haihitaji intaneti. Mimi nilichukua kazi ya L1, buton ya juu upande wa kushoto, ya kubadilisha muchezaji, nikaipeleka kwenye kufinya joistiki (kile kifimbo cha manete) ya kulia, ili vidole vya kulia vifanye kazi ya mikono miwili.

Ikabaki joistiki ya kushoto, ya kumukimbiza muchezaji. Pale nikaenda ku fundi wa chukudu, ile baisikeli yetu ya mbao ya kubeba mizigo. Yeye hajui PlayStation ni kitu gani, alinisikiliza, akauliza ule mukono unaweza kufanya nini, akasema nimuletee mutoto, akamupima kiwiko na magoti kama vile mushonaji wa nguo. Akachonga kibao cha mukaratusi, akaweka shimo la kulaza manete, akaikaza na mpira wa tairi ya zamani, ule ule wanavalisha magurudumu ya chukudu. Ku joistiki tukaongeza kamuti karefu kanafika ku kiwiko. Sasa mutoto analaza kibao ku magoti, kiwiko cha kushoto kinakimbiza, mukono wa kulia unafanya zote zilizobaki. Kazi yote ilitoka dola nane.

Ilimukamata miezi tatu kuzoea, na kwa ile miezi tatu alipigwa na kila mutu mu sale, alipigwa vibaya. Hakuna mutu alimuhurumia ndani ya mchezo na yeye hakuomba. Wakati alianza kupiga wenzake nilimuita pembeni nikataka kumurudishia ile franga 500 ya siku ya kwanza. Alikataa. Akaniambia, "Mujomba, nilipigwa, nililipa." Ule ndugu aliyeandika kwamba watoto kama hawa wanataka kupewa ushindi wa bure, ningependa angekuwa pale.

Kisha ikakuja turnua. Akajiandikisha, akalipa, siku yenyewe mumoja wa waandaaji akaona kibao akasema ni kifaa cha kigeni kinaleta faida, akamurudishia pesa yake mbele ya watu. Kile kibao hawakukikamata hata mu mukono kuangalia. Hakina batri, hakina waya, ni mbao na mpira na misumari mine.

Sasa niingie mu maneno ya barua yenyewe. Ndugu alitoa mufano wa Sekiro, akasema ule mchezo ungewekwa nivo (kiwango) rahisi ungekufa. Sekiro naijua. Ilitoka mwezi wa tatu 2019, ilitengenezwa na FromSoftware ya Japani, kampuni yenye Hidetaka Miyazaki anaongoza, walewale wa Dark Souls ya 2011, na kweli haina pa kuchagua rahisi ama ngumu. Adui anakuua, unarudia, anakuua, unarudia. Upanga wake ukishuka unapashwa kuuzuia mu ile ile nukta, si mbele si nyuma. Ilinichukua wiki sita. Isshin, adui wa mwisho, alinilaza chini siku kumi na moja mufululizo, nilikuwa nafunga sale saa tatu, nabaki peke yangu na kuran ya umeme ikikubali, na usiku nilimumaliza ilikuwa saa nane, nikatoka inje nikasimama mu lupango (uwanja wa nyumba) naangalia mawingu juu ya Nyiragongo, mulima wetu wa moto, yamewaka mwekundu, mikono inatetemeka kama nimetoka kubeba magunia. Kwa hiyo utamu wa ugumu naujua, na siku mutu atakuja kusema michezo yote ilainishwe paka ile furaha ipotee, mimi pia nitaandika barua ya kukataa.

Lakini tujiulize ule ugumu wa Sekiro unakaa wapi. Unakaa mu kusoma upanga wa adui, mu roho kutopanda juu, mu kukubali kurudia. Kuzuia ni L1. Je, Miyazaki alikaa mu ofisi yake Tokyo akasema fundisho la mchezo wangu ni kwamba mutu lazima awe na kidole cha shahada cha kushoto? Haiwezekani. Ile L1 ni mahali tu buton iliangukia. Ukimuhamishia mutoto wangu ile kazi ku mukono wa kulia, Isshin atamuua vile vile aliniua mimi, siku kumi na moja ama makumi mawili, na kama atamumaliza atatoka inje atetemeke kama mimi. Ukimuacha na L1 ya kushoto, hata Isshin hatamuona, ataishia ku adui wa kwanza ku mulango. Huyo wa pili njo hakucheza Sekiro.

Na kuko wale wenye hata mukono wao ni muzima lakini hawawezi ile mbio, juu ya umri, juu ya ugonjwa wa mishipa, juu ya macho. Wakati ule wa 2019 mwandishi mumoja wa gazeti la PC Gamer alieleza kwamba alimumaliza adui wa mwisho wa Sekiro kwa kupunguza mbio ya mchezo ku kompyuta yake, na roho haimuume, watu wakamushukia ku intaneti siku na siku eti amejiibia mwenyewe. Na mimi pia niliandika neno baya pale chini, nalijutia. Kuandika lile neno kulinilindia nini? Ule usiku wangu mu lupango hakuna mutu anaweza kuupunguza kwa kucheza pole pole mu nyumba yake huko mbali.

Hii tabia ya kumutia haya mwenye kuchagua rahisi ni ya zamani sana, hata watengenezaji walikuwa wanaicheza. Wolfenstein 3D ya 1992, ukichagua nivo ya chini kabisa, wanakuonyesha picha ya shujaa amevalishwa kofia ya mutoto muchanga na kinyonyo mu kinywa. Na mbele ya pale kulikuwa mashine za kutia sarafu, zile ugumu wake ulikuwa pia ugumu wa biashara, mutu akikufa haraka anatia sarafu ingine, akikaa sana mashine haileti faida. Mimi mwenye sale hesabu hiyo naijua ndani nje, mechi ikiwa fupi njo napata. Basi mutu akiniambia ugumu ni kitu kitakatifu namuambia ugumu mwingine ulizaliwa mu sanduku la pesa.

Sasa nigeukie upande wangu, juu huku pia kuko watu wanasema ovyo. Wanasema kila mchezo upewe "rahisi, kawaida, ngumu" na mambo yaishe. Haiishi. Chukua mchezo, punguza nguvu ya maadui nusu, ita ile nivo rahisi. Mutoto wangu imemusaidia nini kama kufungua mulango bado inataka afinye buton mbili za pande mbili mara moja? Adui amelainika, mulango umebaki chuma. Na mwenye hasikii, ukimuwekea maadui wanyonge lakini hatari inatangazwa na sauti tu, bado atakufa bila kujua alikufa na nini. Ile maneno matatu ya menyu ni uvivu. Mutu ameshindwa kuuliza shida iko wapi, akakata kila kitu nusu.

Waliouliza wako. The Last of Us Part II ya mwaka 2020 ilitoka na vitu zaidi ya 60 vya namna hii vya kubadilisha, na ugumu wenyewe waliukata vipande, unaweza kuacha maadui wakali na kuongeza risasi, ama kuacha risasi chache na kufanya maadui wakuone pole pole. Kuko sauti ya kusoma menyu, kuko milio ya kuonyesha njia, na watu wasioona kabisa wameucheza kutoka mwanzo paka mwisho. Wakati nilisoma ile habari nilizima televizyo moja, nikafumba macho na manete mu mukono, nikakaa pale kidogo nafikiri kwamba kuko mutu huko mbali amemaliza mchezo wa masaa zaidi ya makumi mawili hivi. Mwaka ule ule zawadi za The Game Awards zilianza kuwa na zawadi ya kazi ya namna hii, na ni wao walichukua ya kwanza.

Na Celeste. Hii ni ndogo, ya 2018, picha za vipande vipande kama za zamani, musichana anaitwa Madeline anapanda mulima. Ni ngumu, mutu anakufa mara mia na mia. Lakini ndani yake kuko njia ya kusaidiwa, unapunguza mbio ya mchezo kidogo kidogo, unaongeza nguvu za kushika ukuta, hata kutokufa ukitaka, kila kimoja peke yake, na hakuna kofia ya mutoto muchanga. Mulima unabaki ule ule.

Sisi watu wa Goma mambo ya kupanda mulima tunayajua kupita wengi. Yaya yangu, ndugu yangu mukubwa, alikuwa mubebaji wa mizigo ya watalii ku Nyiragongo, wanatoka Kibati karibu mita 2,000, wanapanda paka 3,470, saa tano ama sita za mawe na matope. Alikuwa anasema kuko muzungu anabeba mukoba wake mwenyewe na anapanda kama mbuzi, kuko ule analipa mubebaji na anashika fimbo, kuko ule anapumzika kila dakika kumi na wenzake wanamungojea. Jioni wote walikuwa wanafika ku ukingo, wanakaa mu baridi ile moja, wanaangalia ziwa la moto lile moja. Yaya hakusikiaka siku hata moja mwenye mukoba anamuambia mwenye fimbo eti wewe hukupanda.

Hata FromSoftware yenyewe, mu Elden Ring ya 2022, ilifungua milango bila kuandika neno rahisi mahali popote. Adui akikushinda unaenda zako mu pori unaongeza nguvu unarudi, unaita roho za kukusaidia, unaita mutu mwingine ku intaneti. Mu mwaka mumoja iliuza zaidi ya milioni 20. Na bado kuko watu wanawacheka wanaoita roho, ile roho Miyazaki mwenyewe aliiweka mule ili iitwe.

Lakini turudi ku mpira, juu ni ku mpira walimukatalia mutoto. Hapa naomba kila kijana wa Goma aliyeshika FIFA, ule mchezo wa mpira, ajibu na ukweli. Ukipiga pasi, ni nani anaipeleka? Wewe unaonyesha upande kidogo tu na mashine inatafuta muchezaji, inapima nguvu, inanyoosha mupira. Ile ni pasi ya kusaidiwa, mchezo unakuja nayo hivyo kutoka kwenye karatasi yake, na ukiingia mu parametre unakuta unaweza kuiondoa ucheze manuel, wewe mwenyewe upime pembe na nguvu. Mu sale yangu tangu 2013 waliocheza manuel ni watatu, na wote watatu waliacha mu wiki moja. Kwa hiyo mu ile turnua kila mutu alikuwa anacheza na musaada, mashine ilikuwa inawapigia pasi, na hakuna hata mumoja aliitwa mwizi. Mutoto pia alitaka kucheza na musaada ule ule wa wote, na juu yake mbao ya kushikilia manete, na ile mbao haijui hata mupira uko wapi.

Kuko swali moja la haki ambalo ndugu aliuliza na nataka kulijibu vizuri. Mu mashindano si sawa na nyumbani. Nyumbani punguza mbio vile unataka, haimuguse mutu. Mu mashindano wawili mnacheza na mbio ile ile moja, ukipunguza yako umepunguza ya mwenzako, na pale nakubali, haiwezekani. Basi mwenye kuandaa aangalie kila kitu na kipimo hicho, je, kinabadilisha mchezo ama kinabadilisha tu vile mutu anaugusa? Kuhamisha buton, kibao, pedali ya muguu, joistiki kubwa, vyote vinabaki upande wa mukono, ndani ya mchezo hakuna kitu kimeguswa. Na hata pale ambapo kinagusa kidogo, kuko watu walikaa wakapima badala ya kufukuza. Kampuni ya Capcom mu Street Fighter 6 ya 2023, mchezo wa kupigana, waliweka njia ya kisasa ya buton, pigo ambalo zamani lilitaka uzungushe vidole sasa linatoka na buton moja, lakini ukilitoa vile linapunguza uchungu, linabaki kama asilimia 80. Na ile njia inakubaliwa paka mu mashindano yao makubwa. Watu wanaocheza kwa pesa mingi sana wameona inawezekana, sisi tunaocheza kwa kikombe na kreti ya jus tumeshindwa wapi?

Vifaa vya kununua viko pia. Microsoft walitoa manete ya kubadilishwa mu 2018, ubao mweupe na buton mbili kubwa na matundu 19 nyuma ya kuingiza kila kitu mutu anaweza kukanyaga, kupuliza ama kusukuma, karibu dola 100. Sony wakatoa yao mwisho wa 2023, dola 90. Ni kazi nzuri, nawashukuru, lakini huku kwetu dola 90 ni pesa ya nyumba miezi miwili kwa watu wengi, na haujahesabu njia ya kuileta. Fundi wetu alifanya na nane. Mafundi wetu wanajua hii kazi kutoka zamani. Tangu niko mutoto naona walemavu ku Petite Barrière, ku mupaka na Rwanda, wanavusha mizigo na zile baisikeli zao za magurudumu matatu, pedali ziko ku mikono, zimechomelewa hapahapa Goma, zinabeba mizigo kupita ya mutu wa miguu miwili. Sijasikia muchuuzi analalamika eti pedali ya mikono inamuibia wateja. Na chukudu yenyewe, mbao na tairi ya zamani, tuliisimamishia sanamu ku rompuen, ku muzunguko wa barabara, imepakwa rangi ya zahabu. Kwa nini mbao na tairi ya zamani ikiwa ku magoti ya mutoto inakuwa kifaa cha kigeni?

Kuko na wengine ambao hakuna mutu anawaona. Jirani yangu fundi pikipiki hatofautishe mwekundu na kijani, miaka yote alikuwa anapigwa siku timu moja imevaa mwekundu na ingine kijani, na alikuwa anaona haya kusema. Siku hizi mu sale yangu mutu akisema badilisha maillot (jezi) inabadilishwa, haulizwe kwa nini. Kuko mzee, mwalimu wa zamani, maandishi ya michezo ni madogo kama mchanga ku televizyo zetu, tangu nilimukuzia anakuja kila siku ya Mungu akitoka kanisa. Shirika la Afya Duniani linasema watu bilioni 1.3 wako na ulemavu, yaani mumoja ku sita. Mu sale ya watu thelathini hesabu ni watano. Kama hauwaone, angalia benchi la nyuma, ama angalia nani aliacha kuja.

Kwa hiyo naomba vitu vichache tu. Waandaaji wa turnua, mwenye kuleta kifaa chake muangalie kifaa mbele ya kusema hapana, mukikamate, mukicheze nacho, na kama mukikuta kinaleta faida muonyeshe mbele ya watu ile faida iko wapi. Wenye sale, mutoto akipigwa 7 kwa 0 siku ya kwanza muangalie mikono yake, musiangalie franga yake, mimi nilikosea pale. Vijana wanaojifunza kutengeneza michezo hapa mujini, na najua wako, njia ya kuhamisha buton iwekwe siku ya kwanza ya kazi juu siku ya mwisho inakuwa ghali. Na wakaka ambao munasema michezo ni ya wagumu tu, endeleeni kucheza ngumu, mimi pia nacheza ngumu, hakuna mutu amekuja kuchukua nivo yenu.

Mutoto ameshajiandikisha ku turnua ingine ya mwezi ujao, wale walimuambia aje na kibao. Anafanya mazoezi kila Jumamosi kutoka saa nane, yeye ku televizyo ya pili karibu ya dirisha. Ndugu aliyeandika ile barua namukaribisha siku yoyote ya Jumamosi, manete ya pili itamungoja, na kama atapigwa, atalipa kama wote.

Mwenye sale ya play, Majengo, Goma